Nyota Ngapi

Kifaa cha kwanza: roboti wa plastiki, kimo cha kikombe cha kahawa,
rangi ya chungwa iliyopauka ikawa ya dengu.
Nimemnunua Wadi Kabir, Soko la Ijumaa,
riyali moja na baisa mia mbili,
muuzaji akaapa ni mpya.
Mpya! Na nyayo zake zina alama za meno.
Kichwa kinazunguka vizuri. Goti la kulia linalalamika.
Mkono wa kushoto haupo; nimemtia sindano ya mama,
ile nene ya kushonea kumma,
sasa kasimama dirishani kama anayemvizia mtu.
Nyota tatu. Ningempa nne, ila haangalii mtu usoni.

Kifaa cha pili: kaseti ya gemu, ya kijivu, lebo imechunika nusu.
Ipulize kwanza.
Mafundi wanasema usipulize, pumzi ina unyevu, inaozesha shaba.
Mafundi hawakulelewa Ruwi, ghorofa ya tatu,
mwezi wa Julai, watoto wanne mbele ya skrini moja,
transfoma ikinuka kuungua
na zamu zikipimwa kwa mashine ya kufulia:
ikianza kukamua nguo, mpishe mwenzio.

Nimeipuliza. Ikawaka.
Mlio ule ule, kama kijiko kinachoanguka jikoni kwa jirani.
Kidude cha buluu kinaruka shimo, kinakufa,
kinaruka, kinakufa.
Picha: hafifu. Muziki: unakuganda kichwani kama deni.
Hatua ya saba haipitiki;
aliyeitunga alikuwa na kisasi na watoto.
Nyota mbili na nusu, na hapo nimemwonea huruma.

Kifaa cha tatu ndicho kinachonishinda.

Kijitabu cha gemu hiyo hiyo, kurasa thelathini na mbili.
Mama alikihifadhi miaka yote kwenye bati la halwa,
pamoja na kadi zetu za chanjo.
Kijapani mwanzo hadi mwisho,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa kaka Harith,
umri wake miaka kumi na mmoja,
akitufasiria kwa Kiswahili.
Kiarabu kilikuwa cha shule, na walimu wangesoma.

*Huyu ni mke wa mfalme wa mawingu. Shangazi yake kamwibia pete.*
*Ufunguo wa kijani usiuguse kabla ya magharibi.*
*Popo hawa ni wajomba. Usiwapige, watakuja kula Idi.*

Tuliamini. Zayana hakumpiga popo hata mmoja.
Alikufa hatua ya saba mpaka tukaacha kuhesabu.

Mwezi uliopita nimempelekea msichana mmoja wa Al Khoudh
anayejifunza Kijapani kwa kujipendea.
Akacheka, akaniandikia ukurasa mzima.
Hakuna mfalme. Hakuna pete.
Kidude cha buluu ni karani wa posta, ana barua ya kufikisha.
Popo ni popo.
Na pale Harith alipoandika *shangazi amelaaniwa*
pana onyo: usiweke mashine karibu na maji.

Nikampigia Sohar, yuko zamu kiwandani,
vyuma vinapiga kelele nyuma yake.
"Mimi? Kijapani?"
Akacheka, kisha akanyamaza, nikadhani simu imekatika.
"Wale wajomba lakini, hamjawapiga?"
"Hatujawapiga."
"Haya," akasema, akarudi kwenye vyuma vyake.

Sasa nipime nini?
Karatasi: imara, pini hazijashika kutu.
Usahihi: sifuri, tena sifuri ya kujivunia.
Mahali pa nyota nimepaacha patupu.

Saa sita usiku. Nimefika hatua ya saba.
Wanakuja kwa safu, weusi, wanapepesa,
kidole changu ki juu ya kitufe,
na Idi ni wiki ijayo,
na nyama nimeagiza ya watu sita tu.