Pointi Nne

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Jalada la buluu, kona zimeliwa na mende,
na ndani, mwaka ule wa mashindano ya skuli,
zimo pointi zote za Shaame Ngwali
kwa penseli, vijiti vitano vitano.

Kiwanja chetu cha Wete kilikuwa cha saruji,
na saruji, Pemba, ina mwenyewe:
ikifika vuli, karafuu ndiyo inayocheza.
Majamvi kutoka mstari hadi mstari,
watoto wakifukuza kuku,
na Shaame pembeni, mpira kwapani,
akingoja jua limalize kazi za watu.
Miezi mitatu hiyo. Alidunda ukutani kwa Bi Mize
mpaka lipu ikamwagika, akalipishwa.

Miaka kumi na sita, kimo cha mlango.
Lakini si kimo. Warefu tulikuwa nao, wakisimama tu kama minazi.
Yeye akiruka alikawia huko juu
kama mtu aliyesahau alichofuata,
kisha akakumbuka, akautia.
Wavu hatukuwa nao, ilikuwa ringi tupu,
kwa hiyo mpira wake ukipita haukusema kitu.
Ukipepesa macho, umepitwa.

Fainali na Chake walimwekea watu watatu.
Raba ya kushoto ilifumuka mdomo,
akaifunga kwa kamba ya katani, akaendelea.
Leo muulize yeyote: arubaini na moja.
Kinyozi atakwambia. Mwalimu Tawakal, Mungu amrehemu,
alikwenda nayo kaburini hiyo arubaini na moja.
Ndiyo iliyoandikwa katika barua iliyovuka kwenda Unguja,
ikarudi na jibu la mstari mmoja:
aje tumwone.

Zilikuwa thalathini na saba.
Nne nilitia mimi.
Sikuhongwa. Nilikuwa na miaka kumi na nne,
naye alipopita mbele ya meza yangu, jasho likimchuruzika,
alinikonyeza,
mkono ukateleza: kijiti, kijiti, kijiti, kijiti.

Alikwenda. Alikaa Mjini wiki saba. Alirudi.
Hapo ndipo kila mtu ana lake.
Goti, wanasema. Hasadi, wanasema, kuna mtu wa Chake alimfanyia.
Mwanamke wa Kikwajuni.
Mama yake alisema chakula cha huko hakimkai tumboni.
Wapo wasemao alikuta warefu wenzake, akaona haya,
na kwamba mazoezi ya alfajiri hakuyapenda tangu hapa,
na hilo kweli, mimi shahidi.
Lakini usiku, peke yangu, nasema jengine:
huenda kule kulikuwa na ubao wa taa
unaojihesabia wenyewe,
usiojua kupenda.

Sitaki kumfanya msiba.
Ana watoto, ana pikipiki, ana mikarafuu kumi na miwili ya urithi,
na huipanda bila ngazi.
Ijumaa vijana humwita kiwanjani, huja na kanzu yake,
hurusha mmoja, huingia,
akaondoka kabla hawajamwomba wa pili.

Msimu uliopita alileta gunia kituoni.
Mimi siku hizi karani wa mizani.
Sindano ikatetemeka baina ya ishirini na mbili na ishirini na tatu,
nikainamia daftari,
na kalamu, kwa tabia yake ya zamani, ikaelekea juu.

Akaweka kidole kwenye ukurasa.
Kidole kirefu, ukucha mweusi kwa utomvu wa makonyo.
"Mkubwa," akasema, wala hakukasirika,
"andika ilivyo."

Nikaandika ishirini na mbili.
Akahesabu pesa zake mara mbili, akanirudishia noti moja iliyochanika,
nikambadilishia.
Sikumuuliza amejua tangu lini.
Akainama mlangoni asigonge kichwa, akatoka,
na nyuma yake foleni ikasogea.