Bawabu

Nilipewa mstari mmoja.
Mwalimu Mbijima, aliyeitunga tanzia ile kwa mkono wake
katika madaftari mawili ya hesabu,
alinipima kwa macho toka utosi hadi ukucha, akasema:
Chilewa, maneno huna, ila mabega unayo.
Simama langoni.

Nikasimama.
Bwaloni pale Mpwapwa, mwezi wa nane,
upepo wa Kiboriani ukipenya chini ya mlango,
ukitikisa karabai na ndevu za katani za Mtemi.
Mkuki wangu ulikuwa mpini wa fagio.
Ufunguo tu ndio uliokuwa wa kweli,
wa zizi la ng'ombe wa shule, chuma cha kujaa kiganja,
na kila walipobisha hodi nilitamka:

Lango nimeshalifunga, na ufunguo ni wangu.

Wakafa watano. Nje ya tembe, Mgunda nduguye Mtemi,
aliyesingiziwa ndui, na mkewe,
na mtoto wa matambara mgongoni;
ndani, mama yao, kwa sumu;
mwisho Mtemi mwenyewe, kwa kujua.
Damu tuliikamua kwenye zabibu za Hombolo.
Nyemo alikufa vizuri kabisa
mpaka nzi alipomtua mdomoni.

Jumatatu, ubaoni: Nani abebe lawama ya vifo hivi? Jadili.
Darasa likawa baraza.
Sechelela: ni bimkubwa, aliyeuzua uongo wa ndui.
Mdachi: la, ni Mtemi, mwenye amri ndiye mwenye maiti.
Ndahani akamtupia mganga. Yonathani
alisema ni ukame, tukamzomea,
ingawa dirishani hapakuwa na jani la kumkanusha.

Mimi niliandika kurasa tatu juu ya bawabu.
Kwamba Mgunda alibisha siku tatu.
Kwamba kwenye tundu la ufunguo nilimwona Lazaro,
mwenzangu wa dawati,
midomo kaipaka majivu iwe ya kiu,
na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kufuli,
ukarudi,
kwa kuwa daftarini hapakuandikwa kwamba unakwenda.
Kwamba amri haina vidole.

Alama nne kwa ishirini. Pembeni, wino mwekundu:
"Bawabu si mhusika. Ni sehemu ya jukwaa."

Miaka ishirini na sita baadaye, sokoni Majengo,
nilimkuta akichagua karanga moja moja
kama anayesahihisha.
Mbukwa, mwalimu. Alinijua kwa mabega.
Tukaulizana watoto, mvua, bei ya alizeti.
Halafu, macho yake yakiwa kwenye ungo:
Kabla ya chaki nilikuwa karani wa ghala, kule Bahi.
Mwaka wa njaa. Mtama umejaa mpaka kwenye kenchi.
Barua ya kufungulia ilikuwa haijafika.
Walikuwa wanabisha kwa adabu, Chilewa.
Kwa adabu.

Akalipa karanga, akasahau chenji.

Sikumwambia habari ya usiku ule wa mchezo:
kwamba nilirudi bwenini na ufunguo mfukoni,
ndama wamefungiwa zizini, mama zao nje,
na mlio wao ukapanda kilima ukashuka, ukapanda,
mpaka alfajiri mchungaji alipovunja kufuli kwa jiwe.
Mlio wa kwanza niliusikia.
Nilijua ni nini.
Nilivuta shuka
nikangoja aamke mtu
mwenye maneno mengi kuliko mimi.