Beringi Katika Friza

Ilianza kwa kunung'unika, mwezi wa Machi.
Tukasema ni zipu ya jinzi inakwaruza.
Aprili ikasaga mahindi yasiyokuwepo.
Kufikia Juni, kila ikifika hatua ya kukamua,
glasi zilitembea kabatini
na Peres wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio:
mara tatu, kimya, mara tatu.

Fundi Ogweno alizungusha pipa kwa kidole,
akatega sikio kama daktari wa kliniki ya kulipia.
"Beringi zimekwisha, madam. Elfu kumi na mbili,
ama uiuze kwa kilo."
Nilikupigia simu Doha.
"Ngoja Disemba," ukasema, "tuifungue pamoja."
Disemba ipi, sikuuliza.

Jumamosi nikaazima spana za Movine wa tuktuk,
nikatandika gunia jikoni, hapa hapa Migosi,
nikapiga picha kila waya kabla ya kuugusa.
Bolti nikazipanga katika vikombe vya chai,
kila kikombe na karatasi yake:
mgongo, mota, puli, pipa.

Hakuna aliyeniambia kwamba ndani mna jiwe.
Zege tupu, zito kama mtoto wa darasa la pili,
limefungwa juu ya pipa kwa bolti tatu.
Nililipakata hadi pembeni, nikahema.
Kumbe chombo cha kuzunguka hivyo
hufungiwa uzito kifuani
kisije kikatoka mlangoni kwa miguu yake.

Kati ya pipa na ganda lake nilikuta
sarafu ya arobaini,
waya wa sidiria,
kifungo cha shati ulilovaa siku ya usaili,
na soksi ya Velma, ndogo kama kidole gumba.
Velma aliyenishikia tochi sasa anavaa kiatu namba saba.

Halafu ile sili. Kimpira chembamba,
bei yake sahani ya chipsi.
Kilichanika mdomo, maji yakapenya tone kwa tone,
sabuni ikalamba grisi, kutu ikaingia bila hodi.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Mimi nilikiona kwa macho: rangi ya chai iliyokolea,
kinachuruzika kutoka kwenye ekseli.

Kuzitoa za zamani kulitaka nyundo, bolti ndefu,
na matusi niliyoyatamka kwa Kinyore
ili Velma asielewe.
Velma akaelewa.
Gonga huku, gonga kule, usigonge upande mmoja.
Ikasogea upana wa wembe, ikagoma.
Nikaimwagia birika la maji moto, ikajuta, ikatoka.
Gololi mbili zikakimbilia chini ya jiko. Ziko huko hadi leo.

Kibuye, mwenye duka hakuuliza jina la mashine.
Alifuta kutu kwa kidole gumba, akasoma namba:
sita mbili sifuri tano, sita mbili sifuri sita.
"Hizi hata kwa pampu ya maji zinaingia."
Elfu moja mia nane, pamoja na sili,
zimefungwa katika karatasi yenye mafuta.
Movine alikuwa amenionya: chuma baridi hunywea.
Nikazilaza usiku kucha kwenye friza
kando ya kichwa cha mbuta,
nami nikalala vibaya, kama mtu anayengoja matokeo.

Asubuhi ziliingia kwa nyundo sita tu.
Mlio ukabadilika kutoka ko, ko,
hadi ki.
Hapo zimefika.

Sare za shule, maji, hatua ya kukamua.
Pipa likakaza mwendo hadi likawa ukungu,
na kilichosikika ni bomba la jirani linavuja.
Peres akapanda ngazi, leso begani.
"Umeiuza?"
Nikamvutia kiti. Tukainywa chai yetu tukiitazama,
wanawake wawili mbele ya dirisha la duara.

Vikombe vyote vimerudi kabatini ila kimoja,
kile kisicho na karatasi.
Ndani mna bolti, ndefu, safi, haina kutu.
Nimeijaribu kila tundu.
Sijui ilikuwa inashika nini.
Mashine haijaiulizia.