Kikomeo

Gari nilinunua kwa Bi Drina Mansilla, Punta Arenas,
mwezi wa Juni, jua linapochomoza saa nne asubuhi
na kuondoka mapema, kama mgeni aliyekaribishwa shingo upande.
Hakuhesabu pesa. Alinipa funguo,
akaweka kiganja juu ya paa, akakiacha hapo kidogo,
akasema, "Betri haipendi baridi,"
akarudi ndani.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mjomba Ruperto.
Tumefika buchani, nimeshashuka, zipu ya koti imeshafika kidevuni,
namsikia nyuma anagonga kioo kwa pete.
Avuta kishikio. Avuta tena.
"Umenifungia kama mwizi wa kuku!"
Nikamfungulia kwa nje. Mlango ulikuwa mzima.
Sisi ndio hatukuujua.

Kiko ubavuni mwa mlango, chini ya kitasa,
mahali ambapo, mlango ukishafungwa, jicho halifiki:
kikomeo cheusi, hakizidi ukucha,
na kando yake mchoro wa kichwa cha mtoto.
Kikishushwa, kishikio cha ndani huwa pambo.
Kilikuwa na mikwaruzo. Mtu alikisukuma kwa ncha ya ufunguo,
mara nyingi, kwa haraka, labda mvuani.
Kitini makombo ya biskuti yamekuwa changarawe,
na kiooni, chini kabisa, usawa wa pua ndogo,
nusu ya stika ya nyangumi.

Sikumpigia simu Bi Drina.
Kuna maswali hayamo katika hati ya mauzo.

"Kipandishe basi," akasema mjomba.
Nikakiacha.

Sababu yangu ni ya zamani, na ina upepo ndani yake.
Upepo wetu si wa kukausha nguo:
ziko siku kamba hufungwa barabarani
watu wazishike wavuke.
Baba alikuwa na pikapu ya milango minne, rangi ya maini,
na kaka yangu Nazario, miaka sita,
alikuwa ameona kondoo mweusi.
Alivuta kishikio, basi. Ndivyo mtoto anavyouliza.
Upepo ukamjibu.
Mlango ulinyakuliwa naye akiung'ang'ania,
akatoka nao kama shati,
mama akadaka kiatu, kiatu kikavuka,
akadaka mguu.

Mkono wake wa kushoto haujanyooka hadi leo.
Ndio unaotutangulizia habari za theluji.

Baba hakumgombeza mtu. Kesho yake alitoboa bati,
akapitisha kamba ya kufungia mafahali,
na tangu hapo aliikaza kila safari,
hata tulipokwisha kuota ndevu,
hata akienda peke yake kununua mkate.

Jana Nazario alipiga simu. Binti yake anakwenda kujifungua;
Amparo, yule wa miaka minne, tukae naye wiki mbili.
"Mikono yake haitulii," akasema. "Jihadharini."

Nikatoka na tochi.
Mlango wa kulia tayari, kazi ya Bi Drina.
Wa kushoto haukuwa umefungwa; sikuwahi kuutazama.
Nikasukuma kwa ncha ya ufunguo. *Tik.*
Mkwaruzo wangu wa kwanza.

Lakini kitu usichokijaribu usikisifu.
Nikaingia nyuma, nikajifungia, nikavuta.
Haufunguki. Vizuri.
Nikasogea upande wa pili juu ya makombo, nikavuta.
Haufunguki. Vizuri sana.
Nikavuta tena, kwa raha tu.

Ndipo nikatambua nilipo.

Nélida alinikuta katikati ya viti vya mbele,
tumbo juu ya gia, mguu mmoja ungali nyuma,
tochi inamulika paa.
Akainama dirishani na nywele zake zote zimesimama kwa upepo.
"Unafanya nini humo?"
"Siwezi kutoka," nikamwambia,
na sijui kama aliwahi kunisikia
nikisema jambo kwa furaha namna ile.