Ming'oko

Mezani pangu, ofisi ya shirika, Newala,
barua thelathini na moja za watoto.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu,
umekaa dirishani kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Kazi yangu ni kuvusha maneno.
Kanuni zimebandikwa ukutani kwa selotepu:
mtoto asiombe, asitaje siasa,
ashukuru kabla ya mstari wa tatu.

Somoe Nandonde, miaka tisa, wa Mnyambe,
ameshukuru mstari wa kwanza ili yaishe.
Kisha penseli ikapata mbio:

"Jumamosi tulichimba ming'oko na bibi,
tukachemsha, tukala kwa chumvi na pilipili
mpaka Hashimu akalia, tukamcheka."

Kalamu ikasimama.
Ming'oko.
Nikiandika "mizizi ya porini,"
mama yule wa mbali, kwenye theluji yake,
ataona mtoto anaguguna mti.
Atalia. Atatuma hela.
Na meneja atasema, Bi Esha, hapo umegusa.

Lakini mimi nimekula ming'oko stendi
mshahara ukiwa mfukoni,
nikaramba vidole, nikaongeza fungu.
Hiyo si njaa. Hiyo ni Jumamosi.

Njaa naijua.
Ile ya Februari, pesa ya korosho imeshakwisha,
ndoo inapanda kutoka bondeni juu ya kichwa kitupu cha usingizi,
na mtoto darasani anahesabu nzi.
Hiyo haimo kwenye barua hata moja kati ya hizi.
Ina aibu, haijiandiki.

Somoe amemalizia:

"Ulisema unaishi peke yako na paka.
Pole.
Sisi tuko tisa. Ukija
utalala na mimi na bibi, upande wa ukutani.
Paka wako anakula nini?"

Hiyo "pole" nayo!
Kule wana neno la kuomba radhi tu,
kana kwamba Somoe ndiye aliyemwachia upweke.

Nimeandika ming'oko, herufi kwa herufi,
pamoja na ritifaa yake.
Maelezo sikuweka.
Aulize.

Gari la Mtwara linaondoka Ijumaa na mfuko wa barua.
Nimebakiwa na swali la paka.
Nimelitafsiri mara tatu,
na kila mara linatoka
kama mtu anayetoa msaada.