Kovu la Kalibu

Kila Alhamisi naamka kabla ya jogoo wa jirani,
napanda basi la kwanza kutoka Odumase hadi Koforidua,
mfukoni lenzi, uzi wa katani na mkate wa jana.
Mke wangu husema: mwalimu wa hesabu mzima,
miaka thelathini na moja ubaoni,
leo unahesabu vitundu.

Si uongo.

Ninazo elfu mbili na kitu.
Zile za Venisi, za milia, nyekundu juu ya nyeupe juu ya buluu,
nimezitenga katika kopo la kahawa.
Wageni huzililia. Mimi huzishika kwa kitambaa:
ushanga uliowahi kuwekwa kwenye mizani
na upande wa pili mtu,
siuvai ukanigusa ngozi.

Ninachotafuta ni kidogo.
Ushanga wa manjano, wa hapa hapa kwetu,
wa chupa iliyotwangwa ikawa unga,
unga ukajazwa kalibuni,
katikati kikasimamishwa kikonyo cha jani la muhogo.
Moto ulikula kikonyo, ukaacha njia ya uzi.
Hakuna aliyetoboa.
Tundu ni mahali pa kitu kilichokuwapo.

Una kovu ubavuni, jembamba,
kama ukucha wa mtoto mchanga.

Mama alikuwa nao kiunoni, wa nne kutoka kwenye fundo.
Homa ikinishika nilikaa pajani pake,
kidole kikilitafuta lile kovu juu ya nguo
hadi usingizi unichukue.

Kisha ukaja mwaka wa moto na njaa,
kakao ikaungua imesimama.
Mama alikata uzi kwa meno.
Mchuuzi wa Kihausa akampa nusu gunia la mahindi
na makopo mawili ya dagaa.
Tulikula siku kumi na tisa. Nilihesabu.

Mama alijua kutunga shanga.
Baada ya hapo alitunga tu:
kwamba uzi ulikatika akioga,
kwamba mto umezichukua,
na shangazi zangu wakaenda kuulaani mto.

Alhamisi iliyopita, kwenye mkeka wa binti aitwaye Mamle,
kati ya shanga mpya za chupa za bia,
manjano.
Nikaugonga menoni. Plastiki hunyamaza, kioo hujibu.
Ulijibu.
Nikaugeuza. Magoti yakawa uji.

"Huu umeutoa wapi?" Sauti haikuwa yangu.

Akacheka. "Ah, wa kovu!
Babu yangu, Siabi wa Agomanya.
Kalibu yake iliingia ufa, shimo la tatu, akakataa kuitupa.
Udongo huo nimeuchimba mwenyewe, alisema.
Miaka ishirini, kila alichojaza humo
kilizaliwa na kovu."

Akaingiza mkono katika kopo la maziwa,
akanimwagia kiganjani sita wengine.

Saba.
Nikatoa lenzi, nikairudisha.
Ndugu wa tumbo moja, alama moja, ubavu mmoja,
na mimi nimezunguka masoko tangu nikiwa na nywele nyeusi
nikidhani kovu ni jina.

Alitaja bei. Sikushusha hata pesewa moja,
naye akaniangalia kama mtu mgonjwa
akaniongezea karanga.

Usiku umeme ulikatika.
Mke wangu alishika tochi, mimi nikatunga,
mikono ikitetemeka, uzi nikiulamba ncha.
"Sasa," akauliza, "wa mama ni upi?"
Nikafumba macho, nikapitisha kidole,
mmoja, mwingine, mwingine.
Kila mmoja ulinijua.

"Chagua wewe," nikamwambia.
Akachagua bila kutazama,
nikauweka wa nne kutoka kwenye fundo.

Uzi nimeuacha mrefu.