Kopo Nambari Nne

Majani matatu ya chini, upande wa dirishani,
yamekuwa na rangi ya mkojo wa mgonjwa wa ini.
Nasema hivyo kwa sababu miaka thelathini na moja
nimesoma mikojo, makohozi, matone ya damu
katika maabara ya hospitali ya Wete,
na siwezi kuona manjano nikaiita dhahabu.

Mize yuko Tanga kwa mwanawe, aliyejifungua pacha.
Kaniachia chumba cha nyuma,
makopo tisa ya maziwa ya unga, kila moja na asumini yake,
ndani, maana nje wangeliwa na mbuzi wa Hamad Shoka.
"Hawa ni wagonjwa wako sasa," kasema mlangoni,
"na wana harusi ya watu Jadida. Vikuba arubaini."

Na hivi vitumba vimejaa,
vyeupe, vimechongoka kama meno ya kwanza ya mtoto,
ndipo majani yanageuka.

Kombo wa dukani: Jicho hilo, choma ubani.
Mpwa wangu Faki: Piga dawa ya wadudu, ami, usiulize.
Muuza pembejeo hata kuingia hakuingia:
Njaa hiyo. Kijiko cha mbolea, kesho utanishukuru.
Mgonjwa hajapimwa,
dawa tatu zishampigia hodi.

Nikatoa lenzi yangu ya zamani.
Chini ya jani: hakuna utando, hakuna utitiri.
Nikapangusa kwa leso nyeupe, leso ikabaki nyeupe.
Majani machanga ya juu: kijani, mishipa na nyama yake,
basi si upungufu wa chuma,
ule ambao jani hupauka, mishipa ikabaki imechorwa kama mito kwenye ramani.
Na hawa watatu wa chini? Wazee.
Mti ukichanua huwanyang'anya wazee uwape watoto.
Nikaandika: *hali ya kawaida*. Nikafunga daftari.

Jumatatu wakawa kumi na mmoja.
Na wamelegea, mchanga umelowa, nao wamelegea.

Nikatia kidole hadi pingili ya pili.
Tope. Nikanusa kidole:
harufu ya mtaro wa nyuma ya soko.
Nikalinyanyua kopo, zito kama mtoto aliyelala,
na chini yake nikakiona kisahani cha plastiki
nilichokiweka mimi, kwa mikono yangu hii,
mkeka wa Mize usiote madoa.
Matundu yameziba. Mizizi ya kahawia,
laini kama tambi za jana.

Kata moja asubuhi, aliniagiza. Moja tu.
Lakini nyumba hii, tangu Jumamosi ile, haina wa kugombana naye,
na kila nikipita chumba cha nyuma mkono unaiona kata.
Adhuhuri. Baada ya alasiri. Saa saba za usiku, usingizi umekataa.
Nilikuwa naongea nao kwa maji.

Nimevitoa visahani vyote tisa.
Nimepanua matundu kwa msumari, nimekata mizizi iliyooza,
nimetia mchanga na makumbi yaliyochambuliwa.
Tiba iliyobaki ni kutofanya kitu siku nne,
na hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko zote;
kata nimeipeleka kwa Kombo, anitunzie.

Yale kumi na moja hayatarudi kijani.
Nilijua, lakini niliyaangalia kila asubuhi
kama watu wa dirishani kwangu walivyokuwa wakiangalia bahasha.

Usiku wa tano kikafunguka kitumba kimoja, kopo la nne lile lile.
Sikuwasha taa. Pua ilitosha.

Simu ikalia. Nyuma yake pacha wanalia kwa zamu.
"Wanakunywa?"
"Kidogo kidogo."
"Wangapi wazima?"
"Wanane."
Akanyamaza. Ananijua.
"Na wa tisa?"
"Yuko wodini," nikasema. "Usiku huu kala kidogo."